Jina lako linafika wapi?

 

Juma hili tuzungumze juu ya kazi ya mshahara. Shamba la muhogo tunalijua, beseni la ndagala tunalijua, mafuta ya mawese tunayajua. Hizo ndizo zimelea watoto wetu na hatuzidharau. Lakini kuna mama mwenye diploma ya serikali iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki tangu alipomaliza shule. Kuna mwingine aliyesomea uuguzi na sasa anauza sabuni. Kuna binti anayetumaini kwamba siku moja ataitwa. Swali lao ni moja: “Kila tangazo likitoka, kazi tayari ina mwenyewe. Mimi nisiye na mtu nifanyeje?”

Maneno hayo, “nisiye na mtu”, tuyaangalie vizuri. Nusu yake ni kweli: habari za kazi nyingi hupita kwa watu kabla ya kupita kwenye karatasi. Nusu ya pili si kweli. Watu unao. Shida ni kwamba wengi wao hawajui unatafuta nini wala unaweza nini.

Habari ya kazi inapitia wapi

Kituo cha afya kinahitaji mtu wa kuandika wagonjwa kwenye daftari. Mkubwa wa kituo haanzi kwa kubandika tangazo. Anageuka kwa waliomzunguka na kuuliza: “Mnamjua mtu mwaminifu, anayeandika vizuri?” Hapo majina mawili au matatu yanatajwa. Mwenye duka la dawa hufanya hivyo, na mkurugenzi wa shule pia. Kampeni ya chanjo inapokaribia, au CENI inapoandikisha wachaguzi, au shirika linapotafuta watu wa kufanya ankete nyumba kwa nyumba, muda huwa mfupi na wanaofika kwanza ni wale waliopata habari kwanza.

Mashirika makubwa yana utaratibu wao: tangazo, barua ya ombi, mtihani, mahojiano. Lakini hata huko lazima mtu akwambie kwamba tangazo limetoka, limebandikwa wapi, na linafungwa siku gani. Anayepata habari hiyo siku ya mwisho saa kumi jioni ni kama hakuipata.

Mwaka 1973 mtaalamu mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, alitoa maandishi yaliyokuja kusomwa dunia nzima. Aliwauliza watu wa karibu na mji wa Boston, waliobadilisha kazi siku si nyingi, waliipataje kazi hiyo. Kisha akawaangalia wale waliosaidiwa na mtu wanayemjua, akawauliza: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliokuwa wakionana naye mara kwa mara, yaani mara mbili kwa juma au zaidi, hawakufika 17 kwa 100. Waliokuwa wakionana naye mara moja moja walikuwa karibu 56 kwa 100. Na karibu 28 kwa 100 walisaidiwa na mtu ambaye walionana naye mara moja kwa mwaka au hata chini ya hapo.

Mwaka 2022 watafiti wengine waliangalia watu zaidi ya milioni 20 wanaotumia LinkedIn, ule mtandao wa simu na kompyuta ambako watu huandika kazi zao na kujuana kikazi. Nao waliona jambo linalofanana: aliye mbali kidogo nawe husaidia kupata kazi kuliko rafiki wa ndani kabisa.

Sababu si ngumu. Dada yako, jirani yako na mama mnayekaa naye benchi moja kanisani wanasikia habari zile zile unazosikia wewe. Wakijua, umeshajua, wasipojua, nawe hujui. Aliye mbali kidogo anatembea njia nyingine, na habari zake hazijafika kwenu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kutafuta kazi neno hilo ni la kweli kabisa.

Watu wako wa mbali kidogo ni nani

Chukua kalamu. Andika majina ya watu hawa, hata kama hamjaonana miaka mitatu:

Walimu waliokufundisha, na wale mliosoma nao darasa moja na sasa wako Uvira, Bukavu au Kalemie.

Watu mliofanya nao kazi ya siku chache: chanjo, ankete, kugawa chakula, kazi ya barabara.

Waliokuwa viongozi wako ulipojitolea kama RECO, hata kama hukulipwa franka. Kazi ya kujitolea nayo ni kazi, na aliyeiona anaweza kuishuhudia.

Wauzaji mnaokutana nao sokoni na bandarini, wale wanaozunguka Mboko, Baraka na Kazimia kwa mtumbwi na kwa pikipiki.

Na wengi kati yetu tuna kundi kubwa tunalolisahau: watu wa Nyarugusu. Kambi ile ya Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996, na tangu mwaka 2005 meli zilianza kurudisha watu hadi Baraka. Huko wamama wetu walifundisha, walisaidia hospitalini, walitafsiri, waliongoza vikundi. Wale waliofanya nao kazi leo wametawanyika: wengine wako hapa Fizi, wengine Tanzania bado, wengine Marekani na Australia. Mmoja wao akikuandikia barua fupi kwamba ulifundisha naye miaka miwili na ulikuwa ukifika kwa wakati, barua hiyo ina uzito mbele ya mwajiri.

Hapa kuna neno gumu kidogo, lakini nitalisema kwa sababu tunaishi pamoja. Kama majina yote uliyoandika ni ya kabila lako tu, wavu wako ni mdogo. Katika eneo letu kuna Wabembe, Wabuyu, Wafuliiru, Banyamulenge, kuna wakimbizi wa Burundi kule Lusenda na Mulongwe, kuna waliokimbia vita kutoka sehemu nyingine za Kivu. Kila kundi likificha habari za kazi kwa watu wake, kila kundi linabaki na kidogo. Mama anayepeleka habari kwa mwenzake wa kabila lingine anafungua mlango ambao kesho na yeye atapitia.

Wanaume hawatutaji

Wale wa Boston aliowauliza Granovetter walikuwa wanaume. Je, kwa wanawake mambo yanaenda hivyo hivyo?

Tunalo jibu kutoka hapa Afrika. Nchini Malawi watafiti Lori Beaman, Niall Keleher na Jeremy Magruder walifuatilia watu waliokuja kuomba kazi, wakawaambia kila mmoja apendekeze mtu mwingine. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Wanaume walipoachiwa kuchagua wenyewe, waliwataja wanawake wachache sana. Lakini wale walioambiwa wazi “tunataka utuletee mwanamke”, waliwapata wanawake wenye uwezo. Maana yake waliwajua. Majina yao tu hayakuwajia mdomoni. Na wanawake wenyewe hawakupendekeza wanawake wenye uwezo wa kutosha kuziba pengo hilo.

Tujifunze mambo mawili. La kwanza: mwambie mwanaume wazi. Shemeji anayefanya kazi bironi, mchungaji, shefu wa mtaa, mwalimu wa watoto wako, usingoje akukumbuke mwenyewe. Mwambie: “Wakitafuta mwanamke wa kazi fulani, taja jina langu.” Matangazo mengi siku hizi yana mstari unaosema maombi ya wanawake yanahimizwa sana. Mstari huo hauna faida kama hakuna mwanamke aliyepata habari.

La pili ni letu wenyewe. Ukiulizwa “unamjua mtu?”, taja mama mwenzako anayeweza. Usitaje kwa huruma tu, kwa sababu ukimpendekeza asiyeweza, safari ijayo hawatakuuliza. Na usinyamaze kwa wivu. Mwenzako akipata kazi, kikundi kina macho mapya mahali ambapo hakikuwa na macho.

Namna ya kujieleza

“Nisaidie kupata kazi yoyote.” Maneno haya tunayasema kila siku, na hayamsaidii anayetusikia. Atakukumbuka kwa kazi gani? Kazi yoyote haina sura.

Jaribu hivi: “Nilimaliza pedagojia, nimeshika kitabu cha hesabu cha MUSO yetu miaka minne bila kupungua franka. Natafuta kazi ya kutunza stoki au kuandika hesabu, hapa Baraka au Mboko.” Ni maneno machache, lakini ndani yake kuna ulichosomea, ulichofanya, unachotafuta na mahali. Aliyekusikia anaweza kukirudia kwa mwajiri bila kukosea.

Wamama wengi wakifika kwenye mstari wa “uzoefu wa kazi” wanaandika “hakuna”. Hapana, usiandike hivyo. Kuongoza AVEC ya watu 25, kugawa akiba mwisho wa mzunguko bila ugomvi, kupikia watu 200 kwenye msiba, kutafsiri Kiswahili, Kibembe na Kifaransa katika mkutano: hayo ni mambo ambayo waajiri wanayatafuta. Yaandike pamoja na miaka na idadi ya watu.

Kisha tayarisha karatasi zako kabla tangazo halijatoka: CV ya kurasa mbili, kopi za diploma, kadi ya uchaguzi. ONEM, ofisi ya taifa inayoshughulikia ajira, huandikisha wanaotafuta kazi na kuwapa kadi, na kuna matangazo yanayoidai. Ukipita mji wenye biro yake, jiandikishe. Matangazo mengi huomba pia majina ya watu watatu wa kukushuhudia. Waombe ruhusa kwanza, uwaambie unaomba kazi gani, ili wakipigiwa simu wasishangae.

Na simu, wamama. Mwajiri hupiga mara moja au mbili, halafu anaenda kwa jina linalofuata. Usibadilishe namba kila msimu. Andika namba mbili kwenye CV, yako na ya mtu unayemwamini ambaye simu yake haikosi moto.

Usiangalie pia upande mmoja tu. Hapa kwetu tukisikia “kazi” tunawaza ONG. Mwaka 2025 Marekani ilipofunga USAID, mashirika mengi ya mashariki mwa Kongo yalipunguza watu. Waliotoka huko sasa wanatafuta kazi pamoja nasi, na wanajua kuandika CV kuliko sisi. Kwa hiyo peleka jina lako pia shuleni, kwenye maduka ya dawa, redio za hapa kwetu, kwa wafanyabiashara wa samaki na mawese wanaohitaji mtu wa hesabu, kwa wenye vibanda vya kutuma pesa kwa simu. Na hao waliopoteza kazi, wasogelee: wanajua nani anaajiri, na wao pia wanahitaji watu.

Kazi haina bei ya mwili

Sasa tufike kwenye jambo linalouma. Kuna wanaume wanaojua kwamba mama anatafuta kazi, na wanageuza shida yake kuwa mtego.

Hatusemi kwa uvumi. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya mwaka 2018 na 2020, pesa nyingi na kazi nyingi za muda mfupi zilifika kwa ghafla: wapishi, wafagizi, wahamasishaji. Septemba 2020 waandishi wa habari walitoa ushuhuda wa wanawake 51 wa Beni waliosema walidaiwa kulala na wanaume ili wapewe kazi au wasifukuzwe. Wengi walisema wanaume hao walijitambulisha kuwa ni wa OMS, Shirika la Afya Duniani. Tume iliyoundwa kuchunguza ilitoa ripoti yake Septemba 2021 na kutaja watuhumiwa 83, kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na OMS yenyewe.

Wanawake wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wanatafuta kazi kwa njia ile ile tunayoizungumzia leo, njia ya watu. Kwa sababu hiyo lazima tuweke mipaka kabla hatujatoka nyumbani:

Anayekuita kwa mazungumzo ya kazi akuite bironi, mchana. Si hotelini, si nyumbani kwake, si baa. Ukiwa na wasiwasi, nenda na mwenzako, atakusubiri nje.

Kazi ya haki haiuzwi. Anayedai “pesa ya soda” ili apeleke dosie yako, au sehemu ya mshahara wa mwezi wa kwanza, ni mwizi. Leo anauza nafasi kwako, kesho anaiuza kwa mwingine.

Toa kopi, usitoe diploma yenyewe.

Akikutamkia neno baya, mwambie mtu siku hiyo hiyo: kiongozi wa kikundi, mama unayemwamini. Andika tarehe, mahali na maneno. Mashirika mengi yana sanduku la malalamiko au namba ya simu ya bure. Namba hizo ziandikwe kwenye daftari la kikundi. Na aliyefanyiwa kwa nguvu afikishwe kituo cha afya au hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kumkinga. Tusimuulize alivaa nini.

Kuna swali la nyumbani pia. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba. Marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Sasa inasema mume na mke wapatane. Kupatana ni kuzungumza. Ongea na baba watoto kabla simu haijalia: nani atabaki na mtoto, nani atapika siku ya zamu ya usiku, mshahara utafanya nini. Wengi wameacha kazi juma la kwanza kwa sababu mazungumzo hayo yalifanywa kwa ugomvi, kazi ikiwa tayari imeanza.

Daftari la kazi

Wenye MUSO mnajua masanduku yetu. La kijani ni la mikopo. Jekundu ni la kusaidiana katika ugonjwa na msiba. La bluu linangoja pesa za kutoka nje. Ninawaomba muongeze kitu kisichohitaji hata franka moja: daftari la kazi.

Ukurasa mmoja kwa kila mama. Jina, namba za simu, alichosomea, anachoweza, lugha anazojua, kazi anayotafuta. Mwanzoni mwa kila kikao mtu aulize: “Nani amesikia habari ya kazi juma hili?” Dakika tano zinatosha. Kisha mchague wamama wawili wanaojua kuongea. Mara moja kwa mwezi wapite kwenye ubao wa matangazo wa mashirika, hospitalini, shuleni, kwa wafanyabiashara, wakisema: “Sisi ni kikundi fulani, tunao wamama wanaoweza kazi hizi.” Kijana mmoja mwenye simu kubwa aangalie matangazo ya mediacongo.net mara mbili kwa juma na kuyaleta.

Mama anayekwenda peke yake anaonekana kama mwombaji. Wamama wawili wenye daftari la majina 25 wanaonekana kama watu wenye kitu cha kutoa. Na mwanaume mwenye nia mbaya anafikiri mara mbili mbele ya kikundi kinachojua jina lake.

Kwa juma hili nawapa kazi tatu. Andika majina kumi ya watu wako wa mbali kidogo. Tengeneza maneno yako mafupi na uyaseme kwa sauti mbele ya binti yako mpaka yatoke vizuri. Halafu wafikie watatu kati ya wale kumi, kwa simu au kwa miguu. Usianze na shida. Anza na salamu, uliza habari za watoto, kisha sema unachotafuta. Na kabla hamjaachana muulize naye anatafuta nini, kwa maana huenda jibu lake unalo wewe.